Ustadh Bahgat Hakujiandaa

Siku Fundi Zanati alipomlilia njiwa ambaye si wake, Ustadh Bahgat alikuwa amekaa meza ya pili pale mkahawani Imbaba, akinywa chai ya mtu mwingine. Alikuwa na kipaji hicho. Angeketi karibu nawe, angeisifu saa yako, angemuulizia mama yako, na ukija kuinuka ungekuta umelipia chai mbili na unamshukuru. Sisi wa mtaani tulimwita Ustadh. Ustadh wa nini, hakuna aliyejua, naye hakuona haja ya kutusumbua kwa maelezo.

"Yule Shahinaz," Fundi Zanati alikuwa anasema, mikono bado ina grisi ya gereji, "nikimwona juu na kundi la Haji Farghali, chakula hakipiti. Mweupe mwili mzima, shingo ya kahawia, miguu ina manyoya kama amevaa suruali ya afisa. Nimetuma watu wakamnunue. Haji amewanywesha chai, akawarudisha."

"Na mtu akikuletea?" Bahgat aliuliza, macho kwenye bilauri.

"Kivipi?"

"Mimi nimeuliza akikuletea. Kivipi ni swali la polisi, Fundi."

Mfuga njiwa akishapenda njiwa wa mwenzake, akili yake huwa imeshahama nyumba, na Zanati alikuwa amempenda Shahinaz tangu alipokuwa kinda. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akakisogeza kiti.

"Unakijua kile kioski changu pale kona?"

Bahgat alikijua. Nani asiyekijua? Kioski cha sigara na biskuti, kimefungwa tangu mpangaji wa mwisho ahamie kwa mwanawe Suez. Kina dirisha dogo na kivuli, na mbele yake kituo cha basi. Bahgat alikuwa na umri ambao mtu akikimbizwa huanza kusikia magoti yake, na kwa muda mrefu alikuwa akikipita kioski hicho kwa wivu. Mtu anakaa ndani ameketi, na watu ndio wanaomfuata. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewafuata watu, kisha wao wakamfuata wakiwa na fimbo.

"Siku Shahinaz atakayopaa na kundi langu, Farghali akimwona kwa macho yake, kisha akatua kwangu," alisema Zanati, "ufunguo ni wako."

"Agiza chai nyingine," alisema Bahgat. "Biashara haifanyiki kinywa kikiwa kikavu."

*

Sasa inafaa mjue silaha za mtu huyu. Bahgat alikuwa mfanya kiinimacho, lakini si wa kulipwa. "Mimi ni mpenzi wa mchezo tu," angesema, mkono kifuani, kwa unyenyekevu wa kukutoa machozi. Mtu wa kulipwa hupanda jukwaani, watu wakamtazama mikono. Mpenzi tu huombwa ghafla, watu wakiwa wameshiba na wamecheka, na hakuna anayekumbuka kutazama mikono ya mtu aliyelazimishwa.

Ombi la ghafla limewaaibisha wapenzi wengi wa kiinimacho. Nimemwona mwalimu mmoja wa hesabu akiombwa kwenye harusi ya shemeji yake: alipauka, akasema karata amezisahau nyumbani, akaazima yai, likapasukia kwenye suti ya bwana harusi. Bahgat aligundua mapema kwamba kushtukizwa ni kazi inayotaka maandalizi makubwa. Alikuwa na koti zito la kijivu, lililoshonwa na fundi wa Shubra asiyeuliza maswali, lenye mifuko ambayo hata yeye mwenyewe aliisahau mingine. Alilivaa kiangazi na kipupwe. Na alikuwa na Shehata.

Shehata alikuwa binamu yake, mtu mnene, mpole, wa kusema sawa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuomba. Angekaa mbali na Bahgat kama hawajuani, na wakati ukifika angepaza sauti: "Jamani, si huyu ni Ustadh Bahgat? Ustadh, tufanyie kitu kidogo!" Ombi la kwanza Bahgat alilicheka. La pili alilikataa, tena kwa kusikitika. Likija la tatu angesema, "Leo sikujiandaa, jamani," kwa sauti ya mtu anayepelekwa hospitali, na hapo ukumbi mzima ungemsihi achukue pete zao.

"Kazi yako ni kuomba tu," alikuwa akimwambia Shehata. "Usiombe mapema, watu hawajashiba. Usiombe kwa kuchelewa, wanasinzia. Mengine niachie mimi mwenye akili."

"Sawa," alisema Shehata. Jioni ile walikuwa wamesimama mbele ya kioski, Bahgat akichungulia ndani kwa tundu la mlango na kuamua kwamba rangi itakuwa ya bluu. "Na mimi nitakaa wapi humo?"

"Humo? Kioski ni cha mtu mmoja, binamu. Wewe utasimama nje uvute wateja."

"Juani?"

"Utanunua kofia."

"Sawa," alisema Shehata.

*

Haji Farghali alikuwa mchinjaji, na mwili wake ulimtangaza kabla ya kibao cha bucha. Kila Ijumaa baada ya sala aliwalisha watu darini kwake, juu ya paa bapa la nyumba, chini ya mnara wa mbao wa njiwa, mradi tu wawasifu njiwa wake. Shehata alitumwa buchani kutafuta mwaliko. Alirudi nao upesi kuliko Bahgat alivyotazamia, tena na kilo nzima ya maini.

"Umempa nini?"

"Nimeomba tu," alisema Shehata.

Ijumaa hiyo jua lilikuwa kali hata lami ilinata kwenye viatu. Bahgat alipanda ngazi za Haji amevaa koti lake. Wageni wengine walikuwa wauza mboga wawili na kinyozi. Mama Ragab, mke wa Haji, alipandisha sinia baada ya sinia: wali, bamia kwa nyama, na njiwa waliojazwa ngano, wamebanikwa hadi ngozi inalia.

Bahgat alimnyanyua mmoja kwa heshima. "Haji, nisije nikamla ndugu wa hawa walioko juu."

"Hao ni wa sokoni," alisema Haji. "Hatujuani nao. Kula!"

Walikula. Haji alimkatia Shehata vipande vinono kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo Bahgat aliliona na kulidharau. Alikuwa anasubiri tu watu washibe, Shehata aombe, naye aanze kukataa. Alishaupanga mzunguko wote: ataazima pete, ataazima leso, kisha polepole, kama aliyepitiwa na wazo, atauliza kama kuna kiumbe hai karibu.

Lakini Shehata hakuomba. Alikuwa analamba vidole. Bahgat alikohoa, Shehata akamsogezea maji. Bahgat alikuwa ameanza kumchukia, ndipo Haji Farghali mwenyewe alipopiga goti lake kwa kiganja.

"Ustadh! Nasikia una mikono myepesi. Tufanyie kitu."

Bahgat alicheka, maana ombi la kwanza huchekwa.

"Tufanyie, bwana!"

"Haji wangu, hayo ni mambo ya watoto. Tule, tumshukuru Mungu."

"Naapa kwa talaka, hushuki ngazi hizi bila kutufanyia kitu!"

Kutoka kwenye ngazi sauti ya Mama Ragab ilipanda kabla yake. "Haji! Mwezi uliopita nusura niachike kwa sababu ya tikiti maji! Ukitaka kuapa, apa kwa njiwa zako!"

"Umesikia, Ustadh? Nyumba ya mtu iko mikononi mwako."

"Leo sikujiandaa, jamani," alisema Bahgat, na sauti ilimtoka vizuri hata kinyozi akamwonea huruma. "Kiinimacho cha ghafla ni hatari, Haji. Nikikifanya bila maandalizi, siwezi kudhamini mwisho wake. Wote mniwie mashahidi."

"Tumeshuhudia! Sasa, karata sizitaki, pete sizitaki. Nitoweshee Shahinaz."

Bahgat nusura asahau kusikitika. Mzunguko aliouhangaikia usiku kucha, mchinjaji ameukata kwa pigo moja! Alimwangalia Haji, uso ule mpana unaong'aa mafuta, akawaza kwamba Mungu akitaka kukupa kioski hukuumbia na mjinga wa kukufungulia mlango.

"Shahinaz? Haji, usifanye hivyo. Kipenzi chako!"

"Talaka tatu!"

"Haji!" ilisema ngazi.

Shahinaz aliletwa. Kwa karibu alikuwa mzuri zaidi kuliko sifa zake, na mzito, kifuko cha shingo kimejaa nafaka, macho yanasinzia. Haji alisema amemlisha mwenyewe muda si mrefu. Bahgat alikunja mikono ya koti ili watu waone hana kitu. Alimfunika njiwa kwa leso, akamwinua juu, akamwomba kila mtu atazame mnara kwa sababu hapo ndipo angetokea. Kila mtu alitazama mnara. Leso ilianguka kwenye sinia, bapa, tupu.

Mnarani hapakutokea kitu.

"Mrudishe," alisema Haji.

Bahgat alifumba macho, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Hii ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu haikuhitaji mikono. "Haji, nilikuonya mbele ya watu. Kaenda mbali. Lakini nakuahidi kitu kimoja, andika moyoni: Shahinaz atarudi. Atarudi siku atakayotaka mwenyewe, na hatarudi peke yake."

Maneno hayo aliyaokota hewani. Yalikuwa na uzito mzuri, wala hayakumdai chochote. Wauza mboga walisema Allahu akbar. Haji Farghali alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika kama ya mtu anayelia, na Mama Ragab alivuta ncha ya mtandio akaziba mdomo, akageukia ukutani. Bahgat aliona huzuni ya nyumba hii inampendeza.

Aliinuka kuaga. Haji alimkamata mkono.

"Bila chai? Unataka watu wanisemeje?"

Ikabidi aketi. Chai ilikuwa ya moto, na ndani ya koti Shahinaz alikuwa wa moto zaidi. Jasho lilimtiririka Bahgat mpaka soksi. Kisha, katikati ya mazungumzo ya bei ya nyanya, kifua chake kikasema: *kruuu*.

Wageni walimtazama.

"Gesi," alisema Shehata kwa upole.

*Kruu-kruuu*, kilijibu kifua.

"Maskini, ni majonzi," alisema Haji. "Yamemkaa kifuani. Mwongezeeni mnanaa."

"Avue basi hilo koti," alisema Mama Ragab. "Nipe, mwanangu, nikupigie pasi. Utaungua."

Bahgat alilishika koti kwa mikono miwili kama mtu anayeporwa. "Nimeweka nadhiri, mama. Silivui mpaka nioe."

"Mwache avae!" alifoka Haji, kwa ukali uliowashangaza wote. "Upepo wa darini ni mbaya. Funga na vifungo, Ustadh, usije ukapata baridi."

Bahgat alivifunga. Watu walipokuja kunisimulia habari hii baadaye, ni hapo kwenye vifungo nilipoanza kucheka, lakini Bahgat hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alikuwa anashuka ngazi na kioski chake kifuani.

*

Fundi Zanati hakuwa mgeni katika mambo ya njiwa. Alimfunga Shahinaz manyoya ya bawa kwa uzi ili asipae, akamweka kibandani, juu ya gereji, azoee mahali. Na kwa kuwa jike wa daraja hilo huwezi kumpa dume yeyote tu, alimpa Sultani.

Sultani alikuwa kiburi cha gereji. Mweusi tii, kichwa cha fedha, ukoo wake Zanati aliujua kuliko ukoo wa mkewe. Hakuwahi kumuuza wala kumwazima, na alipopaa alipaa kwa kulindwa. Sasa aliinama mbele ya Shahinaz, akamzunguka, akamletea vijiti. Walijenga kiota. "Jike akishajenga kiota, huko ndiko kwao," alisema Zanati, na wafuga njiwa wote wa Imbaba wangekubaliana naye. Wote isipokuwa watatu, ambao kila mmoja kwa wakati wake aliwahi kumpata Shahinaz darini kwake, akampa dume lake bora, na sasa hana dume. Watatu hao hawakuwa wamemwambia mtu. Mfuga njiwa huweza kukueleza jinsi alivyofilisika au alivyokimbiwa na mke, lakini dume lake likiongozwa na jike mpaka dari la mwenzake, hiyo aibu hulala nayo.

Siku zile Bahgat alikuwa na furaha ya kweli. Nilimwona akiwaza mbele ya kioski, akipima kwa shubiri pa kuweka sigara na pa kuweka soda. Alinilipia chai. Nilimgusa kipaji cha uso kuona kama ana homa.

Siku ya kumwachia ilipofika, ilikuwa alasiri, wakati madari yote ya Imbaba yanapiga miluzi na kupunga bendera, na anga ina makundi mengi ya njiwa. Bahgat alipanda kwa Zanati akiwa amenyoa. Shehata hakuonekana; alisema tumbo linamsumbua. Ng'ambo ya mitaa michache Haji Farghali alisimama darini kwake, mdogo kwa umbali, mikono nyuma.

"Atamwona tu," alisema Zanati. Alikata uzi wa bawa. Ufunguo wa kioski ulikuwa unaning'inia kwenye kidole chake cha mwisho, na Bahgat hakutazama kitu kingine.

Kundi lilipaa. Shahinaz alikuwa katikati, Sultani ubavuni mwake. Walizunguka gereji, wakapanda, wakazunguka tena kwa upana, shingo ya kahawia ikishika jua.

"Mtazame! Mtazame malkia wangu!" Zanati alikuwa analia waziwazi. "Shika, Ustadh. Umeupata kwa haki."

Bahgat alinyoosha mkono. Ufunguo ulimgusa kiganja; aliusikia ubaridi wake. Na hapo Shahinaz alijitenga na kundi, kama mama mwenye nyumba aliyekumbuka kwamba ana chungu jikoni. Hakuzunguka wala hakusita. Sultani alimfuata. Nyuma ya Sultani, kwa kuwa walizoea kumfuata, yakafuata madume mengine.

Zanati alipiga mluzi, akapunga bendera, mwishoni akapunga shati lake. Darini kwa Farghali, Haji alifungua mlango wa mnara akasimama pembeni, kama anayempisha mke aliyetoka sokoni na mizigo. Wakaingia wote.

Ufunguo uliondoka kwenye kiganja cha Bahgat kwa nguvu, na kiatu cha Zanati kikafuata. Aliteremka ngazi za Zanati kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwahi kuisamehe.

*

Sheria ya madari kila mtu anaijua: anayetua kwako ni wako. Mwenyewe akimtaka anakuja kumkomboa, mkikubaliana. Zanati alivumilia mpaka kesho yake, akaenda kwa Haji amevua kofia. Waliyoyasema hakuna aliyeyasikia, ila Zanati alirudi amemkumbatia Sultani, na amerudi bila ufunguo.

Jioni hiyo Haji Farghali aliingia mkahawani, akamkuta Bahgat amejikunja pembeni, akambusu kichwa mbele ya watu wote.

"Huyu mtu!" alinguruma. "Aliniambia atarudi, na hatarudi peke yake! Wauza mboga ni mashahidi! Amerudi na bwana harusi na wapambe! Huu ndio ufundi, enyi watu, si wale wenu wa mayai!"

Mkahawa ulilipuka kwa makofi. Kuanzia hapo Bahgat hakuwa na amani. Alipokaa, watu walikaa naye, wakimtazama mikono. Aliposifu saa ya mtu, mtu huyo aliivua akamkabidhi, akasema, "Haya, Ustadh, itoweshe, halafu irudi na mwenzake!" Kwa mtu wa kazi yake huo ulikuwa msiba mtupu.

Siku chache baadaye alipita pale kona kwa mazoea, akasimama. Kioski kilikuwa wazi. Kimepakwa rangi ya bluu, ileile. Kivulini ndani, nyuma ya dirisha, alikuwa ameketi Shehata, akihesabu maboksi ya biskuti. Mbele yake watu waliosubiri basi walikuwa wanagombea soda.

Bahgat alijipenyeza mpaka dirishani. "Nani kakupa hiki?"

"Haji," alisema Shehata. "Alikipata kwa Fundi, yeye hakihitaji. Nikamwomba."

"Ukamwomba?"

"Si ndiyo kazi yangu? Nilimwomba ule wakati wa kwenda kutafuta mwaliko. Nilimweleza yote, nikaomba nipewe chochote kitakachopatikana. Sikuomba mapema, wala sikuchelewa." Alimsogezea pakiti ya sigara bila kudai kitu. "Nimekununulia na kofia, binamu. Jua ni kali hapo nje."

Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, mpya, ya majani. Bahgat aliitazama. Alitaka kukasirika, akaona aibu imemtangulia. Alikuwa amemfundisha mtu huyu kila kitu, tena bila kumtazama usoni hata siku moja.

Ndipo Shehata alipoinuka nusu, akatoa kichwa dirishani, akapaza ile sauti yake ya miaka yote.

"Jamani! Si huyu ni Ustadh Bahgat? Ustadh, tufanyie kitu kidogo!"

Kituo kizima cha basi kiligeuka. Bahgat alicheka, kama inavyopasa. Wakaomba tena, akakataa kwa kusikitika. Watu walizidi kujaa, wanawake na vikapu, na kondakta wa basi akashuka. Bahgat alitia mkono kwenye mfuko wa siri wa koti, akajaribu mwingine, akajaribu na ile aliyokuwa ameisahau. Alikuta punje za ngano na unyoya mmoja mweupe.

"Leo sikujiandaa, jamani," alisema, na haikuwa na uongo hata chembe.

Watu walishangilia kwa nguvu, maana wote walijua kwamba maneno hayo huyasema kabla ya kufanya jambo kubwa. Wakasogea karibu zaidi, wakamtazama mikono.